Mzee alikata kitambaa vibaya, na watu wanane wakanyamaza

BARUA

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu. Majibu yako nimeyasoma kwa muda mrefu, mengi ya ndoa na ya watoto, na sikuwahi kufikiri ningekuandikia kuhusu kazi. Lakini jambo hili limeninyima usingizi wiki tatu sasa, na nyumbani kila mtu ana lake la kuniambia.

Mimi ni mama wa miaka 39. Nashona sare za shule. Nilianza mwaka 2014 na vyerehani viwili katika kibanda karibu na Soko la Uhuru, Jericho, na leo nina karakana ya vyumba viwili na wafanyakazi tisa. Wa kwanza wao ni fundi ambaye sote humwita Mzee. Ana miaka 61 sasa, na ndiye mkataji. Mkono kama wake sijauona kwingine: akimaliza kukata jora, vipande vinavyobaki havijazi mfuko wa unga.

Mzee ananidai deni lisiloandikika. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, oda zangu zote zilikufa, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Wengine waliondoka, sikuwalaumu. Mzee alibaki. Tulishona barakoa, zikatulisha kidogo, kisha bei ikaanguka kila mtu alipoanza kushona zake. Alifanya kazi miezi minne bila mshahara. Alipata nafasi katika kiwanda cha nguo kule Athi River, akaikataa. Mwenye nyumba alipotaka kunifungia mlango, Mzee aliuza cherehani chake cha nyumbani akaniletea pesa mkononi. Hakusema neno, aliziweka tu juu ya meza ya kukatia.

Sasa sikia yaliyotokea Septemba. Nilipata oda ya shule moja ya binafsi upande wa Embakasi. Ndani yake kulikuwa na sketi 140. Mwaka uliopita sketi zao zilikuwa za kawaida, safari hii wakataka za marinda, na marinda yanakula kitambaa kingi zaidi. Ofisi ya shule ilinitumia maelezo, ukurasa mmoja wa Kiingereza. Nikauchapisha, nikaubandika ukutani kando ya meza ya Mzee, nikaenda Eastleigh kutafuta kitambaa cha mashati. Niliporudi saa tisa, sketi zote 140 zilikuwa zimekatwa kwa kipimo cha zamani, na zaidi ya 30 zilikuwa zimeshapita ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo.

Nikauliza, hakuna aliyesoma karatasi ile? Kimya. Nikauliza tena, kimya. Kumbe waliisoma wote.

Jioni, tukitembea kwenda kituo cha matatu, binti wa ovaloki aliniambia, “Madam, mimi niliona tangu asubuhi. Lakini mwezi wa Mei nilipomwambia Mzee kola zinatofautiana, alinifokea, na wewe ulipokuja ukaniambia nimheshimu mkubwa wangu.” Ni kweli nilisema hivyo. Mimi nimelelewa hivyo. Binti huyu nilimwajiri Februari, ana cheti cha Gredi II cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na Mzee humwambia kila mara kwamba cheti hakijui kushika mkasi. Yeye peke yake si wa kwetu. Sisi wengine wote tunatoka upande mmoja, na tukinywa chai saa nne tunazungumza lugha ya nyumbani, naye hukaa na simu yake.

Vijana watatu wameniacha mwaka huu. Wa mwisho aliondoka Juni baada ya Mzee kumwita bure mbele ya mteja. Ndiye aliyekuwa akimsomea Mzee vipimo kutoka kitabu cha oda.

Hasara ya kitambaa ilikuwa karibu shilingi 54,000. Kwa kuwa wote waliona wakanyamaza, nilikata kila mmoja 1,500 kwenye mshahara wa Septemba ili waonje uchungu nilioonja. Mzee sikumkata. Ningeanzia wapi?

Msimu unakuja. Kabla ya katikati ya Novemba lazima niongeze mafundi wanne, la sivyo Januari itanizika. Kaka yangu, ambaye ni mtu wa benki, anasema biashara haijengwi kwa huruma: nimwondoe Mzee kwanza, nilete msimamizi aliyesoma, niandike maadili ya kampuni niyabandike ukutani, ndipo niajiri. Mama yangu naye amenipigia mara nne kuhusu binamu zangu wawili walio nyumbani bila kazi. Anasema damu haiwezi kukuibia. Mimi nimezoea kuajiri kwa moyo, na siku zote nawaambia wafanyakazi wangu kwamba sisi ni familia. Nikipiga kelele, wanajua ninawapenda.

Nataka karakana yenye utamaduni mzuri, mahali ambapo mtu anajivunia kufanya kazi. Nianzie wapi? Nimtoe Mzee? Niajiri ndugu au wageni?

Mwenye Mkasi, Nairobi

JIBU

Mwanangu Mwenye Mkasi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kwanza pole. Kununua kitambaa kilekile mara mbili kabla ya msimu ni pigo, hasa kwa mtu anayelipa watu tisa kabla ya kujilipa. Miaka ya tisini niliendesha kihoteli cha meza sita hapa mjini, na ninazijua zile tarehe za mwisho wa mwezi ambazo mtu hazungumzi na mtu.

Nikikuelewa, una mtu aliyekushika mkono ulipokuwa ukizama, na mtu huyohuyo sasa anawafukuza vijana unaowahitaji ili usizame tena. Una oda zinazokuja, una nafasi nne za kujaza, na una sauti mbili za nyumbani, moja ikikutaka uwe mkali na nyingine ikikutaka uwe mwema. Unaniuliza uanzie wapi.

Naomba tuanze pale ulipopita haraka. Umeandika juu ya siku ya sketi kwa kirefu, lakini siku ya kola, mwezi wa Mei, umeipa sentensi moja. Mimi nimeirudia hiyo zaidi ya nyingine zote. Siku ile binti alikuwa na miezi mitatu tu kazini. Aliona kasoro, akaisema kwa mwenye kuifanya, akafokewa. Ukaja wewe, mwenye karakana. Watu wanane waliinua vichwa kutoka kwenye vyerehani kusikia utasema nini. Ukasema amheshimu mkubwa wake. Hukukosea kumfundisha mtoto wa watu heshima, hata mimi nisingependa kuishi mahali ambapo mwenye mvi anajibiwa ovyo. Lakini jiulize, je, uliuliza kama kola zilikuwa zinatofautiana kweli? Barua yako haisemi. Kama hukuuliza, basi wote waliokuwa chumbani walijifunza siku ile kwamba hapa kasoro ya kitambaa ni ndogo kuliko kasoro ya kuitaja. Septemba walifanya walichofundishwa.

Sisemi haya ili nikuongezee mzigo. Nasema kwa sababu neno “utamaduni” umelitumia kama kitu ambacho bado hujakianza, na unataka kuanza nacho mwezi ujao pamoja na wageni wanne. Mwanangu, unao tayari. Una miaka mingi ukiujenga, sehemu nzuri na sehemu mbaya. Mzee kuweka pesa juu ya meza bila neno ni sehemu yake. Binti kukaa na simu saa nne ni sehemu yake pia. Wale wanne utakaowaleta watausoma ndani ya siku tatu, bila kuhitaji karatasi ya ukutani ya kaka yako.

Kuhusu ile 1,500, nitasema wazi kwa sababu hapa kuna sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanyakazi mwenyewe ameisababisha kwa makusudi. Hakimruhusu kuwatoza wanane hasara iliyotokana na mkono wa wa tisa. Nakushauri uwarudishie mapema, na uwaambie kwa nini unawarudishia. Hata sheria ikiwekwa kando, hebu itazame kwa jicho lao: aliyekata vibaya hakukatwa, waliokuwa wakiogopa kusema ndio waliokatwa. Na yule binti, ambaye peke yake alipata ujasiri wa kukwambia ukweli njiani, alilipa 1,500 kama wengine. Mara ya pili amesema, mara ya pili amelipa. Sijui kama kuna mara ya tatu.

Sasa Mzee. Nina swali ambalo huenda ni la kipuuzi, nisamehe kama ni hivyo. Je, Mzee anaiona karatasi? Ana miaka 61. Karibu macho yote ya umri huo hayasomi maandishi madogo bila miwani. Na zaidi ya macho, je, anasoma Kiingereza? Umesema wewe mwenyewe kwamba kulikuwa na kijana wa kumsomea vipimo, na kijana huyo aliondoka Juni. Umesema pia kwamba ulibandika ukurasa wa Kiingereza ukutani ukaenda Eastleigh. Fundi wa namna hii hubeba vipimo kichwani. Shule ile aliishonea mwaka uliopita, kipimo chake anacho, akapiga chaki, akakata. Huenda hakupuuza maelezo yako. Huenda hakujua kuna maelezo, au alijua kuna karatasi na akaona aibu kumwomba mtu yeyote amsomee, hasa baada ya kumwita msomaji wake bure mbele ya mteja.

Kama ni hivyo, ukali wake unapata sura nyingine. Mtu aliyekuwa mfalme wa meza kwa miaka kumi anaona vijana wenye vyeti wakiingia, macho yanafifia, oda zinakuja kwa karatasi na kwa simu. Kumwambia binti kwamba cheti hakijui kushika mkasi kunaweza kuwa sauti ya mtu mwenye hofu. Hofu yake haiwafuti machozi vijana watatu walioondoka, na matusi ni matusi. Lakini dawa ya kiburi na dawa ya hofu si moja, na sitaki umpe mtu dawa kabla ya kumpima. Siwezi kumpima kutoka hapa. Wewe unaweza, kwa kikombe cha chai, siku ya Jumamosi watu wakishaondoka, na kwa lugha ya nyumbani ambayo safari hii itafaa kabisa.

Njia ya kaka yako tuiangalie kwa haki, kwa sababu haikosi busara. Kuna wafanyakazi ambao hata ukiwapenda vipi, wakibaki wanaua kazi. Ukifika hapo, sheria inakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini pembeni ikiwa anamtaka, na usikilize majibu yake kabla ya kuamua. Hicho ni kifungu cha 41. Mtu anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na kama hukuwa ukimlipia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna malipo ya utumishi ya kila mwaka aliokufanyia. Ukimwondoa kwa hasira ya siku moja, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kukuamuru umlipe hadi mishahara ya miezi 12. Fedha hizo ni nyingi kuliko sketi zote.

Hatari nyingine ya njia hiyo haiko mahakamani. Wanane watakaobaki wanaijua hadithi ya cherehani kilichouzwa. Ukimtoa Mzee mlango wa mbele Oktoba, wengine watashusha pumzi, na wengine watahesabu: kama amefanyiwa hivi huyu, mimi je? Na hata akiondoka, ule ukimya wa Septemba hauondoki naye. Walimnyamazia yeye, lakini pia wewe uliwauliza mara mbili wakakunyamazia. Mtu wa kwanza kukusemesha alingoja mpaka mlipofika njiani, mbali na wengine.

Njia ya pili ni kumwachia mkasi na kumpunguzia utawala. Karakana nyingi ndogo huchanganya mambo haya mawili bila kukusudia: anayejua kazi zaidi ndiye anayeamrisha watu, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa chini na kugawa. Kukata ni kazi moja. Kupokea mafundi wapya, kuwafundisha, kuwasahihisha, ni kazi nyingine kabisa, na Mzee anaweza kuwa stadi wa kwanza na mbovu wa pili. Unaweza kuweka kanuni kwamba jora halikatwi lote mpaka kipande cha kwanza kishonwe kikamilifu na mtu mwingine akilinganishe na oda. Kanuni hiyo imhusu kila mtu, hata wewe siku ukishika mkasi, ndipo haitaonekana kama kofi la Mzee. Hatari yake ni kwamba anaweza kuiona kama kofi hata hivyo, akasusa wiki ya kwanza ya Desemba. Hilo ulipime. Je, katika wale wanane yupo anayeweza kukata, hata kwa polepole? Kama hayupo, basi mmoja wa wale wanne unaowatafuta ajue kukata, na Mzee aambiwe mapema ni kwa nini, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa watu.

Ya tatu ni kuleta msimamizi. Huenda siku moja utamhitaji. Kwa watu kumi na wanne sijui kama ni sasa. Msimamizi mgeni ataingia msimu ukiwa umepamba moto, atamkuta Mzee na historia yake, na wote watatazama uso wako kujua nani kati yao anasikilizwa. Usipokuwa umeamua moyoni, utakuwa umenunua ugomvi kwa mshahara wa kila mwezi.

Hapa nataka kukusimulia kitu kidogo, kwa kuwa kinatoka katika nyuzi kama kazi yako. Kampuni ya Toyota, ambayo magari yake unayaona kila kona ya Jogoo Road, ilizaliwa katika ufumaji. Sakichi Toyoda, babake mwanzilishi wa kampuni ya magari, alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufumia, na ule wake mashuhuri wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, ili usiendelee kufuma kitambaa kibovu. Baadaye wazo hilo likahamia kwenye magari: juu ya wafanyakazi ikapita kamba, na yeyote anayeona kasoro, hata akiwa mpya, anaivuta. Kiongozi wa kundi huja mbio, na kasoro isipotatuliwa kazi inasimama. Watu wengi wamefurahia habari ya kamba. Mimi huvutiwa na yule kiongozi anayekuja mbio. Akifika na matusi, kesho kamba itaning'inia pale na hakuna atakayeigusa. Binti wako aliivuta mwezi wa Mei.

Kwa hiyo sasa niseme juu ya kuajiri, kwa sababu Novemba haikungoji.

Ndugu au wageni? Mama yako anasema damu haikuibii. Sitabishana naye, ila wizi si shida uliyoniandikia. Binamu anaweza kuwa fundi hodari na mwaminifu. Anaweza pia kuwa mtu ambaye wengine hawathubutu kumsahihisha kwa kuwa jioni anakula mezani kwako. Tayari una mtu mmoja asiyesahihishika, ukiongeza wawili utajua mwenyewe hesabu inakwenda wapi. Tena fikiria siku utakayolazimika kumwonya binamu: je, mazungumzo hayo yatafanyika karakanani au kwenye simu ya mama? Kama utawachukua, wapite mlango uleule wa wengine: jaribio lilelile, cherehani kilekile, mwamuzi si wewe peke yako. Na mama aambiwe kabla kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi wa kabila katika kuajiri. Sidhani uliwahi kukusudia kubagua. Umeajiri kwa moyo, na moyo wa kila mmoja wetu hukimbilia anakotoka. Lakini tangazo linalosafiri kwa simu za watu wa kijiji kimoja huleta watu wa kijiji kimoja.

Jaribio lenyewe nakupendekezea hivi. Usimwulize mtu maadili yake ni yapi, atakwambia uaminifu na bidii, kila mtu husema hivyo. Mpe shati la mfano lenye vifungo sita na karatasi ya oda iliyoandikwa vifungo saba, kisha umwache ashone. Yuko atakayeweka sita bila kusema, yuko atakayeweka saba bila kusema, na yuko atakayeinuka akuulize. Mlipe kwa siku hiyo, apite au asipite, kwa kuwa ametoka nyumbani na amelipa matatu. Mwulize pia akusimulie siku aliyoharibu kitambaa cha mtu, ilikuwaje na alimwambia nani. Fundi ambaye hajawahi kuharibu kitambaa hayupo chini ya jua hili. Unachosikiliza ni kama anaweza kulisimulia bila kumbebesha mwingine lawama yote. Kisha mkataba wa maandishi, na kipindi cha majaribio ambacho sheria inaruhusu kisizidi miezi sita. Mwambie siku ya kwanza utapima nini.

Na usijaribu mtu peke yako. Mwite atakayekaa naye cherehani kwa cherehani. Nilimfikiria binti wa ovaloki. Kumweka kwenye meza ya kuchagua watu kungewaambia wote kitu ambacho hotuba haiwezi. Lakini kuna hatari ambayo lazima uione: unaweza kumfanya adui wa Mzee machoni pa watu, halafu ukaenda Eastleigh ukamwacha naye. Mwulize kwanza kama angependa. Akikataa, elewa kwa nini.

Lugha ya chai je? Hili umelitaja kama jambo la pembeni, nami siwezi kulipita. Mtu akikaa miezi minane katika chumba ambacho wakati wa kupumzika ndipo anapokuwa peke yake zaidi, anajifunza kwamba hapa yeye ni mgeni, na mgeni haambii wenyeji kwamba chungu kinaungua. Sikuambii uwakataze watu lugha ya mama yao. Ingekuwa ukatili, tena haingefaulu. Ila wewe ndiye mwenye chai. Ukiketi kando yake ukaanza mazungumzo kwa Kiswahili, wengine watakufuata bila amri. Ukiajiri wanne wanaotoka sehemu mbalimbali, jambo hili litabadilika lenyewe kwa kiasi, na huenda kwa muda wakubwa wako wakaona kama wamepokonywa nyumba yao. Wasikilize pia.

Limebaki neno lako la familia. Najua unalisema kwa mapenzi. Lakini katika familia zetu mkubwa hakosolewi mbele ya watu, mtoto hadai mshahara, na mtu hafukuzwi. Wewe unahitaji mahali ambapo Mzee anaweza kuambiwa “kola hizi hazilingani” na bado akabaki Mzee. Unahitaji mahali pa mshahara usiokatwa kwa uchungu. Na unasema ukipiga kelele wanajua unawapenda. Wamekuambia hivyo wao? Nauliza tu, kwa kuwa katika barua nzima sijasikia sauti ya mfanyakazi isipokuwa moja, na hiyo ilisikika njiani.

Yote haya huwezi kuyafanya kwa wiki nne, wala sikuombi. Kama ningekuwa na nafasi ya kutembea nawe mpaka kituo cha matatu, ningekuuliza ni lipi kati ya haya linakutisha zaidi: kuongea na Mzee, kurudisha ile 12,000, au kumjibu mama. Lile linalokutisha, pengine ndilo umekuwa ukilizunguka wiki tatu usiku. Na kabla ya kumwita Mzee kwa ile chai ya Jumamosi, pitia dukani umchukulie miwani ya kusomea ya bei nafuu. Iweke juu ya meza ya kukatia, bila neno, kama alivyoweka zile pesa. Kisha umwache aanze yeye.

Niandikie Januari, shule zikishafunguliwa nawe umepata nafasi ya kuketi.